Mpishi Aliyeazima Ulimi Wangu

Katika watu wote niliowaandalia chai maishani mwangu, ni mmoja tu aliyekunywa chai ya chumvi mpaka tone la mwisho, akaweka kikombe chini taratibu, akanishukuru. Mtu mwingine angetema. Mume wangu angekirusha kikombe uani. Huyu alifuta masharubu kwa kitambaa chake cheupe, akasema, "Chai nzuri, shemeji."

Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Nitamwita Mpishi, kama alivyoitwa na kila mtu pale mtaani Kihesa, Iringa. Jina lake la kweli nilikuwa nalijua, lakini naona kulitaja ni kama kumvua mtu kofia mbele za watu. Alizaliwa wapi na baba yake nani, usiniulize mimi. Wengine walisema Mbena, wengine walisema Mngoni, na mama mkwe wangu alisema mtu aliyewapikia Wazungu miaka yote hiyo huwa kabila lake limeshachemka likaisha. Mimi nilimkuta ni mtu mzima tayari, ana mvi upande mmoja wa kichwa. Upande wa kushoto. Au wa kulia. Nikimkumbuka amekaa kwangu ni kushoto, nikimkumbuka amesimama jikoni kwake ni kulia. Sijui. Mengi ya mtu huyu yako hivyo kichwani mwangu, yamegeuka-geuka, na mimi niliishia darasa la pili, kupanga mambo sikufundishwa.

Nilikuwa mke mpya. Nimetoka Rujewa, Usangu, kwenye mpunga na joto, nikaolewa Iringa kwenye baridi ya kukata masikio. Mume wangu aliendesha gari la mbao, Mafinga na Iringa, Iringa na Mbeya, akirudi nyumbani ni siku mbili na harufu ya misonobari kwenye shati. Nilikuwa na mama mkwe chumba cha pili, na Mpishi nyumba ya jirani, ua mmoja. Kwa kuwa mume wangu alimwita kaka, mimi nikawa shemeji yake, na mashemeji hutaniana, kwa hiyo tulitaniana.

Sasa ile chai. Sukari na chumvi nilikuwa nimeziweka katika makopo mawili ya samli yanayofanana. Nikachanganya. Yeye alipomaliza ndipo nikanywa yangu, nikatema mlangoni.

"Shemeji, umekunywa nini wewe?" nikamwuliza.

"Chai."

"Chai gani hiyo?"

Akatazama lile kopo, akanitazama mimi, nikaona uso wake unashuka kama mtu aliyeshikwa na askari. Akaniuliza mama mkwe yuko wapi. Nikamwambia yuko shamba. Ndipo akaniambia: hana ladha. Haonji kitu, chumvi wala sukari, nyama wala mkaa, na harufu pia hasikii. Tangu vitani Burma. Anayejua ni Mungu, na daktari mmoja wa jeshi, na sasa mimi.

Nataka uelewe hapo, usije ukapita haraka. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa hoteli ya Mzungu mmoja mjini, hoteli ambayo wasafiri wa kwenda Mbeya walilala kwa ajili ya chakula chake. Watu walisema Iringa yote hakuna mkono kama ule. Na hakuwa na ulimi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku mwenye hoteli akijua, siku hiyohiyo atavua aproni, na hajui kazi nyingine duniani. Nikaapa. Niliapa kwa kaburi la bibi yangu, na nikakitunza kiapo kile vizuri mno, utaona.

Alipikaje? Nilimwuliza hilo mara nyingi na kila mara jibu lilikuwa jingine. Mara alisema anapika kwa masikio. Kitunguu kikiwa kibichi kwenye mafuta kinapiga kelele, kikiiva kinanong'ona, kikinyamaza umekiunguza. Mara alisema anapika kwa macho: alikuwa anasimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulia, kwenye ufa, anatazama nyuso. Mzungu akishusha mabega, supu imekaa sawa. Akinywa maji kabla hajameza, chumvi imezidi. "Ladha ya chakula iko usoni kwa mlaji, shemeji," alisema. "Wewe unayeonja ndani ya kinywa chako unaonja habari zako mwenyewe." Na alikuwa na vijiko vitatu vya bati alivyovifua mwenyewe, vimefungwa kwa uzi mmoja mkandani: kikubwa cha sukari, cha kati cha viungo, kidogo cha chumvi. Hakuruhusu mtu avioshe.

Alikuwa msafi wa kuudhi. Alinawa mikono kabla ya kushika kuku na baada ya kushika kuku, na katikati pia. Alinifundisha kunyoosha mashuka kama ya hoteli, mume wangu akarudi safari akaogopa kulala. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na jambo moja lililowashinda watu wa pale, nalo ndilo lililomwangusha, kwa hiyo nilieleze.

Kwa Wahehe, na kwetu Usangu vilevile, anayekaribisha huonja kwanza. Mama akikuletea pombe, anakunywa yeye fundo moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa kopo. Hakuna maneno. Maana yake: haina neno, kunywa kwa amani. Chakula cha mgeni hivyohivyo. Mtoto mdogo anajua. Mpishi hakufanya. Aliweka bakuli mbele yako, akarudi nyuma hatua moja, akasimama anakutazama usoni. Hebu fikiria unavyojisikia. Watu walisema ni uzungu wa hotelini. Mimi niliyejua nilimwambia, shemeji, jilambishe tu, nani atajua? Akakataa kabisa. Alisema kuonja ni kumwambia mtu nimesikia ladha na ni njema, na yeye hajasikia, kwa hiyo atakuwa amemdanganya mtu kwa kinywa chake. Mtu aliyeudanganya mji mzima miaka na miaka, ule uongo mdogo wa fundo moja ulimkaa kooni. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, sijalielewa.

Sasa supu.

Kule Burma aliugua homa, akalazwa kambi ya wagonjwa. Jikoni kwa kambi ile kulikuwa na mama mmoja ambaye hakuwa wa kule. Alikuwa mtu wa Siamu, nchi ya jirani, ambayo mjukuu wangu ananiambia siku hizi inaitwa Thailandi. Vita ilikuwa imemtupa huko kama ilivyowatupa wote. Wagonjwa walipewa uji. Huyu mama akamwona Mpishi anaurudisha uji siku ya pili, siku ya tatu, akamletea bakuli kwa siri. Supu ya kamba, wale wadudu wa baharini wenye masharubu, nyekundu, kali kwa pilipili na chachu kwa ndimu, na ndani yake mchaichai, na majani ya mti kama mlimau, na mzizi mfano wa tangawizi ambao si tangawizi, na uyoga. Akainywa. Alisema alilia, pua ikafunguka, akaona kama mtu amemfungulia dirisha kichwani. Akalala. Homa ikapanda, hakujijua siku nyingi. Alipozinduka ulimi ulikuwa ubao. Yule mama alikuwa ameshahamishwa, jina lake hakuwahi kulijua.

Ile supu ilikuwa ladha yake ya mwisho. Na yeye aliamini, kwa namna ambayo mtu haamini hata dini, kwamba akiipata ileile, ileile kabisa, ulimi utafunguka. "Mlango ulifungwa pale, ufunguo uko palepale," alisema. Nikamwuliza, sasa utajuaje ni ileile na wewe husikii? Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Wewe utaonja," akasema. Nikamwambia mimi sijawahi kuionja ya huko. Akasema ndiyo maana nafaa, sitamletea mawazo yangu.

Unaona jambo lenyewe lilivyo? Mtu anayeijua haionji, mtu anayeonja haijui. Basi tukaanza.

Kila Jumapili mchana, saa za mapumziko yake, aliweka chungu kwenye mafiga yake. Kamba hakuna Iringa. Kwanza akaenda mtoni Ruaha Ndogo akarudi na kaa, akawapika. Mama mkwe akafunga dirisha. Halafu mvua za kwanza zikaleta kumbikumbi, akaniambia tuwajaribu, kwa kuwa nao wana magamba na mgongo uliopinda. Nikala supu ya kumbikumbi na ndimu. Sitaki kuieleza. Mwishowe Mswahili mmoja wa pwani, aliyeuza samaki wakavu sokoni, akakubali kumwagizia kamba waliokaushwa. Wakaja kwa basi ndani ya kijifuko, wadogo, wamejikunja kama kucha zilizokatwa. Mpishi aliwamwaga kwenye sinia akawahesabu miguu. Kwa nini miguu, sijui.

Mchaichai ulikuwepo uani, watu wakiutia kwenye chai. Alipouponda akautupa kwenye chungu cha samaki, mama mkwe akaniuliza kwa Kihehe kama mwenzangu amerukwa na akili, anapika chai ya samaki. Ule mzizi aliupata duka la Mhindi mmoja, mke wa mwenye duka alikuwa nao kwenye debe la dawa za kikohozi. Majani ya mlimau aliyachana kwa mkono, alisema kisu kinayanyamazisha. Pilipili kichaa alizipondaponda kidogo tu kwa mgongo wa kijiko.

Na chupa. Lazima niiseme chupa. Yule mama wa Siamu, alisema, alitia maji fulani ya samaki, meusi kidogo, matone machache. Mpishi akachukua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, akawashindilia kwa chumvi kwenye chupa kubwa ya mdomo mpana, akaiweka juani nyuma ya nyumba, akaifunika kitambaa. Wiki mbili. Mwezi. Harufu yake ilifika barabarani. Mbwa walikuja kukaa. Na yeye, msafi wa mikono, anakaa pembeni yake anakunja aproni zake nyeupe, kwa amani kabisa. Hakuwa anasikia harufu. Mimi nilijua kwa nini, na sikuweza kumweleza mtu.

Nilipoonja, aliniuliza maswali kama karani wa mahakama.

"Uchachu unatangulia, au pilipili?"

"Uchachu."

"Pilipili inakukamata wapi? Mbele ya ulimi au kooni?"

"Kooni."

"Na kamba anakuja lini?"

"Anakuja ukishameza. Kama mtu aliyesahau kitu akarudi."

Hapo alifumba macho akatingisha kichwa, akatafuta huko ndani kwake, akasema, "Bado. Kule alikuja pamoja na uchachu." Na Jumapili inayofuata tukaanza upya. Yeye mwenyewe alikunywa mwishoni. Pilipili aliisikia kama moto, lakini si kama ladha. Kama mtu anayesikia nyumba inaungua kwa jirani. Miezi mingapi tulifanya hivyo? Mwaka ulikuwa kabla ya uhuru, mahindi yalikuwa mabaya mwaka ule. Au ni mwaka uliofuata.

Ikaja Jumapili ya uyoga. Mama mkwe alikuwa amechuma uyoga porini asubuhi, akatugawia, kwa sababu pamoja na kununa kwake alikuwa na mkono wazi. Mpishi akautia. Nikaonja, akauliza, nikajibu, akauliza tena, nikajibu, na kila nilichosema alikuwa anaitikia "eeh", "eeh", sauti inazidi kuwa ndogo. Uchachu na kamba pamoja. Pilipili nyuma yao. Mchaichai umebaki puani. Uyoga unateleza.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Akakaa kwenye kigoda. Akachukua bakuli kwa mikono miwili. Mimi nilisimama kama naolewa mara ya pili. Akanywa. Akashikilia mdomoni, akameza. Nikamtazama usoni, kama alivyonifundisha kutazama. Hakikutokea kitu. Uso ulibaki hivyohivyo, jasho tu likamtoka juu ya mdomo.

"Moto tu," akasema. "Moto mtupu."

Nilitaka kumwambia neno. Badala yake nikakimbia uani, nikatapika mbele ya mama mkwe aliyekuwa anapepeta mahindi. Nikatapika mpaka nikapiga magoti.

Mengine yalienda mbio. Mama mkwe alinishika kichwa, akaninywesha maziwa, akanipakata kama mtoto. Sitamsema vibaya, mama yule alinipenda. Lakini akauliza nimekula nini na nani. Uyoga alichuma yeye mwenyewe, kwa hiyo haukuwa uyoga. Kikabaki kitu kimoja: sumu. Kesho yake nikatapika tena, na kesho kutwa, na mume wangu akarudi safari akanikuta natapika. Jumbe wa mtaa akaitwa. Tukakaa uani, wanaume kwenye viti, mimi kwenye mkeka na blanketi, Mpishi kwenye kigoda chake, aproni imekunjwa mapajani.

Jumbe alikuwa mtu mpole. Akamwuliza Mpishi swali moja tu lililokuwa na maana.

"Kwa nini hukuonja wewe kwanza?"

"Sina desturi hiyo, mzee."

"Huna desturi ya watu?"

Hapo Mpishi akaikunja upya ile aproni. Mume wangu akasema, kwa sauti ya kusihi hasa, maana alikuwa anampenda, "Kaka, sema basi. Kwa nini kila Jumapili unamwonjesha mke wangu, wewe unasubiri umwone?"

Mimi nilijua jibu. Lilikuwa neno moja. Nilimtazama Mpishi naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, hivi, kama anafukuza nzi. Na nyuma ya nzi yule niliiona hoteli, na aproni, na vijiko vitatu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeapa.

Akaomba aletewe ile supu. Ilikuwa imebaki kwenye chungu, imelala siku tatu. Akanywa mabakuli mawili, baridi, mbele yao wote. Mama mkwe akasema taratibu, "Mwenye dawa ana kinga yake." Kisha mtu akaileta ile chupa kutoka nyuma ya nyumba, ameibeba mbali na mwili, wengine wamejiziba pua. Jumbe akauliza hiki ni nini kinachonuka hivi.

"Kinanuka?" Mpishi akauliza.

Aliuliza kweli, jamani. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini wale walisikia kiburi, na hapo mambo yakaisha. Hawakumpiga, hawakumfukuza. Waliacha tu kumwitikia. Ukikaa mahali ambapo salamu yako, kamwene, haiitikiwi, utahama mwenyewe. Asubuhi moja akabisha mlangoni kwangu akiwa na sanduku, anawahi basi la Mbeya. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Aliniambia nimefanya vizuri kunyamaza. Akafungua uzi wa mkandani akanipa kile kijiko kidogo.

"Hiki cha chumvi," akasema. "Usichanganye na sukari tena."

Baada ya miezi miwili tumbo langu lilionekana. Mama mkwe alinitazama, akahesabu kwa vidole. Jioni akasema, "Hata hivyo, ile chupa ilinuka." Hilo tu. Na akaenda kuung'oa mchaichai wote na kuufukia uani, kisha asubuhi nikamwona anaufukua anaupanda upya. Ukinipa mtu mzima wa kumwelewa, usinipe mama mkwe.

Miaka ikapita, minne au mitano, bado tuko chini ya Mwingereza. Nilipanda gari la mume wangu kwenda Rujewa kuwaona ndugu zangu, yeye akaendelea na mzigo Mbeya, nikasema nami nafika. Sikumwambia kwamba kwenye kifurushi changu kulikuwa na kamba wakavu wa yule Mswahili wa sokoni, na mchaichai, na kijiko.

Nilimpata nyuma ya soko. Alikuwa na chumba kimoja na meza mbili mbele, anauza chakula cha wachukuzi. Mvi zilikuwa zimeshika pande zote mbili, kwa hiyo hapo angalau sikosei. Amekonda. Aliponiona alisimama, akanitazama usoni muda mrefu.

"Shemeji. Na sumu yangu haijambo?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikacheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia haijambo, ni ya kike, imebaki na bibi yake, inakula kila kitu.

Katikati ya kila meza kulikuwa na kibakuli cha chumvi. Mchukuzi mmoja akaingia akaagiza maharage, akajichotea chumvi mwenyewe, akamwambia Mpishi, "Leo umeisahau kabisa, mzee wa ulimi wa mbao," akacheka, Mpishi naye akacheka. Nikashangaa. Nikamwuliza, hawa wanajua? Akasema wanajua wote. Mwaka wa kwanza Mbeya alichoka, akasimama mlangoni akawaambia watu: mimi sisikii ladha, chumvi iko mezani, kila mtu na ulimi wake. Walimcheka siku mbili, wakazoea, wakaendelea kula. Alilisema hilo kama jambo dogo. Mimi nilikaa pale na kiapo changu cha kaburi la bibi, na kimya changu cha pale uani, sijui nikiweke wapi. Kwa nini tulikaa kimya vile? Nani alikuwa anamlinda nani? Kama ningesema lile neno moja, je, wangecheka siku mbili na wao? Nimeuliza hivyo miaka yote. Hakuna anayenijibu.

Nikamwuliza habari za supu. Akasema ameiacha. Amechoka kuazima ulimi wa mtu.

Nikamwambia akae. Nikafunga kanga kiunoni, nikachukua chungu chake. Usipa walikuwa tele pale sokoni. Nikawachemsha nikachuja maji yake, maana chupa sikuthubutu. Nikaponda mchaichai. Tangawizi ya kawaida, mzizi wa dawa sikuwa nao. Majani ya mlimau nikayachana kwa mkono. Kamba, pilipili, ndimu mwishoni moto ukishapungua. Nikapakua bakuli moja, lililomeguka ukingo upande mmoja. Nikaonja fundo moja mbele yake, kama inavyotakiwa, nikiogopa uso wake hivi kwamba kinywa changu hakikuniambia kitu. Nikampa.

Akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Akameza.

"Chumvi hamna," akasema.

Nilichukua bakuli nikaonja tena, safari hii kwa ulimi. Kweli. Sikutia hata punje. Kijiko kidogo cha bati kilikuwa mezani palepale nilipokiweka nilipofika, kikavu, kinang'aa, mbele ya macho yake. Kwa hiyo huenda alikiona kikavu, na mtu aliyepika maisha yote kwa macho na masikio hawezi kukosa kuona hilo. Au huenda hakukiona. Nilimwuliza, "Umejuaje?" Akanitazama, na ule uso ambao alinifundisha mwenyewe kuusoma, sikuweza kuusoma.

"Tia kwanza," akasema.

Nikachota kwa kile kijiko, nikatia, nikakoroga. Nikataka kuonja nimpe. Akanyoosha mkono akalichukua bakuli kabla yangu. Akanywa yeye, fundo moja, akameza. Akasubiri kidogo, kama mama zetu wanavyosubiri na kopo la pombe mkononi. Kisha akaligeuza bakuli, upande usiomeguka ukanielekea mimi.

"Haina neno, shemeji," akasema. "Kunywa."

Nikapokea kwa mikono miwili.